Shaba Kwenye Karai la Oili

Watu walimwita Bingwa. Jina hilo hakujipa mwenyewe, lakini hakuwahi kulikataa pia. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa fundi wa magari, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilikwenda kwenye giaboksi: kushusha, kufungua, kufunga, kupandisha. Pale gereji walikuwepo na wengine. Kulikuwa na mnyoosha bodi, kulikuwa na fundi umeme, na kulikuwa na mwanamke aliyeuza spea kwenye kibanda cha mlangoni, ambaye wote walimwita Mama Spea na ambaye alijua habari za kila gari lililoingia kuliko mwenye gari. Lakini gari likigoma kuingia gia hakuna aliyejisumbua kubahatisha. Walimnyooshea Bingwa kidole, wakarudi kwenye kazi zao.

Alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Alipenda kufanya kazi watu wakiwa wamemzunguka, yeye kalala chini ya gari, miguu nje, akitupa maneno kutoka huko chini na kusubiri kicheko. Wateja walizoea. Wengine ungedhani walikuja kwa ajili ya maneno hayo, spana zikifuata baadaye.

Sasa, kaka yake mkubwa, mwalimu wa hesabu, alifariki akaacha mke, binti mmoja aliyekwisha kuolewa, na gari dogo la kijani. Mke huyo, shemeji yake Bingwa, alikuwa mshonaji wa sare za shule. Alikuwa na chumba cha kazi chenye vyerehani viwili na meza ndefu ya kukatia vitambaa. Maisha yake yote ya ndoa alikaa kiti cha abiria. Mumewe alikuwa mtu mwema, ila usukani hakuugawa na mtu. Alipokufa, gari lilikaa mwaka mzima chini ya turubai. Kisha siku moja shemeji akalivua lile turubai, akalifua, akalianika, akaenda kujiandikisha shule ya udereva. Alikuwa na miaka hamsini na moja. Mtihani wa kwanza ulimshinda, wa pili akaushinda, na leseni ilipotoka alimpigia simu Bingwa kabla hata ya binti yake.

"Shemeji," alisema, "niandalie gari. Cha kubadilisha, badilisha. Nataka nianze upya, gari na mimi."

Bingwa akaliandaa. Breki, maji, oili ya injini, oili ya giaboksi. Akamkabidhi funguo pamoja na mzaha, na shemeji akaondoka kakaa wima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Miezi saba alilifaidi gari lile. Alipeleka sare shuleni mwenyewe, alikwenda kununua vitambaa bila kumwomba mtu, na kila Jumatano alimpitia jirani mwenye mgongo mbovu akampeleka kliniki. Halafu gia ya tatu ikaanza kukwaruza.

Alikuja gereji Jumamosi asubuhi, siku ambayo watu hujaa. Akaeleza vizuri tu: akitoa ya pili kwenda ya tatu anasikia kitu kama msumeno unaogusa bati, na inazidi kila wiki. Bingwa akachukua funguo, akazunguka mtaa mmoja. Mkono wake ulijua kubembeleza gia. Aliisubiri kidogo katikati, akaisukuma, ikaingia. Aliporudi aliwakuta watu wakimtazama, na watu wakimtazama ulimi wake haukujua kukaa.

"Shemeji," alisema, akimrudishia funguo, "gari ni zima kabisa. Ugonjwa uko kwenye mguu wako wa kushoto. Klachi inakanyagwa mpaka chini, haionjwi kwa kidole kama maji ya baridi. Na hiyo unayoishika mkononi ni gia, mama, si mwiko!"

Kicheko kikalipuka. Mnyoosha bodi aliangusha nyundo. Mama Spea alijifuta machozi kwa kiganja. Fundi umeme akaigiza mtu anayekoroga sufuria, akazunguka nayo uwanja mzima. Na shemeji naye akacheka. Alicheka kakumbatia mkoba kifuani, akasema, "Haya, nitajifunza," akaingia kwenye gari. Alipofika kwenye kona, pale dereva yeyote angeingiza ya tatu, hakuiingiza. Alikwenda na ya pili, injini ikilia, mpaka akapotea machoni.

Kuanzia siku hiyo akawa Mama Mwiko. Jina lilizaliwa gereji, likahamia nyumbani kwa Bingwa, mkewe akalichukua, likaingia kwenye mikutano ya familia. Hakuna aliyelisema kwa ubaya, na ndiyo sababu hakuna aliyefikiria kuliacha. Baada ya miezi miwili shemeji akamwita mkwe wake, mume wa binti yake, ambaye kazi yake ilikuwa kusambaza madaftari na kalamu madukani, akampa funguo.

"Tumieni ninyi," alisema. "Mimi macho yananisumbua."

Macho yake hayakuwa na neno. Alikuwa akitunga uzi kwenye sindano bila miwani.

Ulipita mwaka na ushei. Jumanne moja mchana mkwe akaja gereji na gari la kijani. Gia ya tatu ilikuwa haiingii kabisa, na ya pili ikiingia kwa matusi.

"Baba mdogo," alimwambia Bingwa, maana ndivyo alivyomwita, "labda oili tu imechoka."

"Tutaona," alisema Bingwa.

Aliinua gari, akatandika boksi lililopasuliwa, akalala juu yake. Alianza na nati ya juu, ya kujazia, kwa kuwa fundi mwenye akili hamwagi oili kabla ya kujua kama ataweza kuirudisha. Ikafunguka bila shida. Akasogeza karai, akalegeza nati ya chini, oili ikaanza kushuka.

Harufu ilitangulia. Ilikuwa kali, ya kiberiti, ya kukaa kooni. Oili ya giaboksi ya gari dogo kama lile hainuki hivyo. Ile ilikuwa harufu ya oili ya difu, nzito, ya malori. Bingwa akageuza kichwa. Mwanga wa mchana uliingia ubavuni na ukamwonyesha rangi. Oili ilikuwa inametameta. Ilikuwa na chenga za njano ndani yake, nyembamba kama maganda ya vitunguu, nyingi, zikizunguka kwenye karai kabla ya kuzama. Akaitazama nati aliyoishika. Kwenye ncha yake ilikuwa na sumaku ndogo, na sumaku ilikuwa imeshika ute wa kijivu, vumbi la chuma ambalo kila giaboksi inalo. Huo haukumshtua. Kilichomshtua ni zile za njano, ambazo sumaku haikuzitaka. Hazikuwa chuma. Zilikuwa shaba.

Kisha matone ya mwisho yakaleta kipande. Kiligonga karai, tik. Akakiokota kwa vidole viwili, akakifuta kwenye ovaroli. Kilikuwa cha ukubwa wa ukucha, kimepinda kidogo, na ukingo mmoja ulikuwa na vijino viwili.

Alijua ni nini kabla hajamaliza kukifuta. Ndani ya giaboksi gia ina pete ya shaba, na kazi ya pete hiyo ni kuituliza gia inayozunguka ili ikutane na mwenzake kwa amani. Pete ikiisha, hakuna wa kutuliza. Vyuma vinakutana vikigombana, na huko ndiko kukwaruza. Na oili ya difu ina dawa kali inayolinda chuma lakini shaba inaitafuna, pole pole, miezi na miezi. Hilo Bingwa aliwahi kuwaeleza watu kwa mbwembwe, kana kwamba yeye ndiye aliyeligundua.

Giaboksi ile haikuwahi kuguswa na fundi mwingine. Hapakuwa na wa kumsingizia. Akiwa amelala pale chini, siku ile ya kuandaa gari ikamrudia yote. Kulikuwa na lori upande wa pili wa uwanja, na debe la oili ya difu lilikuwa wazi, faneli ndani. Oili sahihi ilikuwa imemwishia Mama Spea, na duka jingine lilikuwa mitaa miwili mbele. Jua lilikuwa linachoma. Alisimama kidogo akafikiri, kisha akajiambia: oili ni oili, na gari lenyewe ni la mama mmoja wa kwenda sokoni na kurudi. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Akamimina.

Na lingine likafuata, baya zaidi. Jumamosi ile ya kicheko, alipozunguka mtaa, aliusikia mkwaruzo. Kiganja chake kiliuhisi kwenye kishikio cha gia. Angeweza kusema, "Liache hapa nilifungue." Badala yake alirudi akaona watu, akaona nafasi ya mzaha.

Mkwe alikuwa amechuchumaa pembeni, anachungulia.

"Hizo nini, baba mdogo? Kama dhahabu."

"Vyuma," alisema Bingwa. "Kuna kitu kimelika ndani."

"Aa!" Mkwe akatikisa kichwa, akatabasamu. "Basi ni mama mkwe huyo. Aliikoroga ile miezi mpaka akaimaliza. Mama Mwiko!"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Neno lilikuwa moja tu, na mtu wa kuambiwa alikuwa mmoja tu. Bingwa alifungua mdomo, na kilichotoka kikawa hiki:

"Ndiyo hivyo. Mtu anayejifunza, unajua tena."

Akamwambia aliache gari siku chache. Mkwe akaaga akaondoka. Bingwa akatoka chini ya gari, akachukua kipande cha boksi, akalifunika lile karai. Kisha akasimama kando yake kama mtu anayelinda maiti, na Mama Spea alipomwuliza kutoka kibandani kama kuna pete au beringi ya kuagiza, alisema bado anaangalia. Jioni ile hakusema mzaha hata mmoja. Wenzake walidhani anaumwa.

Nyumbani mkewe alimwekea chakula. Alikigeuza geuza.

"Nasikia gari la Mama Mwiko limerudi," mkewe alisema.

"Usimwite hivyo."

Mkewe akainua uso. Katika miaka yote hakuwahi kumsikia akizuia mzaha, sembuse wake mwenyewe.

"Kulikoni?"

Akamwambia. Alimwambia debe, faneli, jua, na mitaa miwili aliyoona uvivu kuitembea. Alimwambia alivyouhisi mkwaruzo kwenye kiganja akanyamaza. La mkwe, alivyomwitikia mchana ule ule, alilisema mwisho na kwa sauti ya chini, akitazama sahani. Mkewe alisukuma sahani yake kando.

"Na mimi nimemwita hivyo," alisema. "Mbele ya wanawake wenzangu. Kwenye arusi ya mtoto wa dada yake nilimwita hivyo, akaitika."

Kila mmoja alikuwa na lake la kutazama.

Asubuhi Bingwa aliishusha giaboksi peke yake. Moyoni, na hili alilikiri baadaye, alikuwa na tumaini dogo la aibu: kwamba atakuta na dalili za mguu mbaya, kitu cha kugawana naye lawama. Ukishusha giaboksi klachi inabaki wazi mbele yako, na klachi haijui kudanganya. Mtu anayekanyaga nusu nusu huiunguza. Inakuwa nyeusi, inanuka, inaisha upande. Akaitoa sahani ya klachi akaigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa imelika kidogo tu, sawasawa pande zote, safi. Mkwe alikuwa ameitumia mwaka mzima, akiwa na mizigo, na bado alama ya aliyeanza nayo ilikuwepo. Mguu ulioilea klachi ile ulikuwa unakanyaga mpaka chini, kila mara, kama ulivyofundishwa.

Bingwa akaketi kwenye tairi. Alikuwa amemcheka mtu kwa kosa ambalo hakulifanya hata mara moja. Ndani ya giaboksi alikuta pete ya tatu imekwisha, ya pili iko njiani, na chenga za njano kila pembe. Vingine vyote vilikuwa vizima.

Alinawa mikono kwa petroli, kisha kwa sabuni, kisha tena kwa sabuni. Alikunja kile kipande cha shaba kwenye karatasi, akakitia mfukoni, akaenda kwa shemeji kwa miguu.

Alimkuta kainamia meza ya kukatia, mkasi mkononi, chaki sikioni kama seremala. Kitambaa cha buluu kilikuwa kimetandazwa meza nzima. Alipomwona alitabasamu.

"Karibu shemeji. Leo umepotea njia?"

"Nimekuja makusudi."

"Kaa basi. Sogeza hizo kola, hazina mwiba."

Bingwa hakukaa. Alijua akikaa ataanza kuulizia habari za mjukuu. Alitoa karatasi, akaifungua juu ya kitambaa, akakumbuka oili, akaiondoa haraka na kuiweka kwenye kiganja.

"Gari lako limeletwa jana. Hiki kimetoka kwenye giaboksi."

Shemeji alikitazama. Tabasamu lake likajikunja kidogo, likawa lile la Jumamosi ile.

"Mimi hiyo," alisema. "Niliiharibu mimi. Nilimwambia mkwe atakuja kupata tabu nalo. Nisameheni tu, sikuwa na mguu wa..."

"Hapana, shemeji."

"Ah, tusidanganyane, nilikuwa nakoroga."

"Shemeji, nisikilize." "Ni mimi. Siku ulipoleta gari liandaliwe niliweka oili ya lori. Nilijua si yake. Niliona uvivu kwenda dukani. Oili hiyo ndiyo iliyokula pete, na pete ndiyo iliyokuwa ikikwaruza. Mguu wako hauna kosa. Klachi nimeishika asubuhi hii, ni safi. Na siku ile nilipozunguka na gari niliusikia mkwaruzo. Niliusikia, nikakucheka."

Shemeji aliweka mkasi mezani. Hakuuweka kwa nguvu. Alinyoosha kitambaa mahali ambapo hakikuwa na kikunjo.

"Uliusikia," alisema.

"Niliusikia."

"Unajua nilifanya nini wiki ile baada ya kunicheka? Nilikuwa naamka alfajiri, nakaa kwenye gari pale nje likiwa limezimwa, nakanyaga klachi. Mara hamsini. Mara mia. Nahesabu. Nilisema labda mguu wangu unasahau, niufundishe. Ukanivimba. Halafu naliwasha, naenda, linakwaruza vilevile." Akaikunja kona ya kitambaa. "Nilikuamini wewe kuliko mguu wangu mwenyewe. Hilo ndilo linaloniuma, si kicheko. Kicheko hata mimi nilicheka."

Bingwa alitazama sakafu. Ilijaa vipande vya uzi wa buluu.

"Binti yangu alipojifungua," shemeji aliendelea, bado kwa sauti ile ile ya kupima kitambaa, "nilifika siku ya tatu. Mkwe alikuwa safarini na gari. Kutoka hapa mpaka kwake kwa gari ni saa moja na nusu. Nilisubiri wa kunipeleka siku mbili, mimi, mwenye leseni kwenye mkoba. Mjukuu wangu wa kwanza nilimkuta amekwisha kuogeshwa na majirani."

"Nisamehe, shemeji."

"Sijasema sitakusamehe. Sijafika huko." Alichukua chaki sikioni, akaigeuza vidoleni. "Hapa tuko wawili. Siku ile walikuwa wangapi?"

"Wengi."

"Basi kawaambie."

"Nitawaambia. Njoo Jumamosi, nitasema mbele yako, mbele ya..."

"Sitakuja. Nikiwepo utasema ili nikusikie, na wao watanyamaza kwa kunionea haya. Jina langu walikuwa wakilisema nisipokuwepo. Na hili liseme nisipokuwepo."

"Utajuaje kama nimesema?"

"Nitajua," alisema, akachukua mkasi. "Watu wataacha kuniita."

Jumamosi ilipofika Bingwa alikuwa hajalala vizuri siku tatu. Alikuwa amekwisha kumpigia mkwe, na mkwe alisema tu, "Sasa mimi nitamtazamaje?" Gereji ilikuwa imejaa. Alisubiri mpaka mnyoosha bodi akapumzisha nyundo, akalileta lile karai katikati ya uwanja, akaondoa boksi.

"Njooni muone," alisema.

Walikuja haraka, wakijua Bingwa akiita kuna kichekesho. Akawaonyesha shaba. Akawaambia gari ni la nani na oili ilikuwa ya nini na aliyeimimina ni nani. Alipofika kwenye mguu wa kushoto na mwiko, alikuta maneno yamepungua, akarudia kwa ufupi: "Nilimsingizia. Alikuwa anaendesha vizuri."

Kisha fundi umeme akapasuka kicheko.

"Bingwa leo katuweza! Uso mkavu kabisa!"

"Sitanii."

"Bado anakaza!" alisema mwingine, na wengine wakaanza kucheka, maana walikuwa wamemzoea hivyo, na mtu aliyewachekesha miaka yote hawakujua kumsikiliza kwa namna nyingine. Bingwa alisimama katikati yao na karai lake. Ilimbidi aseme mara ya tatu, na mara hii kwa sauti kubwa isiyo nzuri, karibu ya kilio: "Nilimharibia mke wa kaka yangu gari, halafu nikamharibia jina! Mnacheka nini?"

Ndipo wakanyamaza. Mama Spea alikuwa wa kwanza kutazama pembeni. Mnyoosha bodi akalichungulia karai, akatia kidole, akakitazama kilivyong'aa.

"Sasa Mwiko ni nani?" aliuliza, nusu kwa mzaha, na hakuna aliyecheka, hata yeye. Lakini jina lilikuwa limekwisha kutoka, na katika wiki zilizofuata Bingwa alilisikia akiitwa yeye, nyuma ya mgongo wake, mara mbili tatu. Hakugeuka. Alijua namna linavyochoma, kwa kuwa alilinoa mwenyewe.

Mzee mmoja mwenye lori alikuwa amesimama nyuma ya watu, akisubiri gari lake. Alisogea akauliza kwa adabu:

"Fundi, samahani. Na kwenye langu uliweka nini?"

"Kwenye lako niliweka oili yake yenyewe, mzee. Sawasawa kabisa."

"Nashukuru," alisema yule mzee. Alikuwa mteja wa miaka tisa. Hakurudi tena.

Bingwa alifunga pete mpya, aliosha giaboksi kwa mafuta ya taa mpaka yakatoka meupe, akatembea mwenyewe ile mitaa miwili kwenda kununua oili sahihi. Mkwe ndiye aliyepeleka gari kwa mwenyewe, akaacha funguo mezani juu ya kola za sare, akasimama kama mwanafunzi aliyechelewa. Shemeji alimpa chai. Funguo alizitia kwenye mkoba.

Jina la Mama Mwiko liliisha, ingawa si kwa siku moja. Mke wa Bingwa alikwenda kwa wale wanawake wa arusi mmoja mmoja, akawaambia. Aliporudi kutoka kwa wa mwisho alikaa jikoni bila kuvua viatu, na Bingwa hakumwuliza kilisemwa nini.

Shemeji akaanza kuendesha tena. Mwanzoni alfajiri, barabara zikiwa tupu, kisha mchana, kisha Jumatano na jirani yake wa mgongo. Bingwa alipata habari hizo kwa watu. Alipata na nyingine: kwamba muda wa kubadilisha breki ulipofika, gari la kijani lilipelekwa kwa fundi mwingine, kijana mmoja wa upande wa pili wa mji. Mama Spea alimletea habari hiyo akitegemea atakasirika. Alisema, "Amefanya vizuri," akarudi chini ya gari alilokuwa akilitengeneza, akakaa huko muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.

Miezi mitano baadaye shangazi yao, dada wa baba yake Bingwa, alilazwa hospitali mji wa jirani. Ilibidi waende kumwona. Gari la Bingwa mwenyewe lilikuwa juu ya mawe, kama magari ya mafundi yalivyo, na ndugu wengine hawakuwa na nafasi. Shemeji akatuma ujumbe kwa mke wa Bingwa: nitawapitia saa mbili.

Aliwapitia saa mbili kamili. Mke wa Bingwa alikaa mbele. Bingwa akakaa nyuma, kapu la nguo za mgonjwa kwenye magoti. Walisalimiana vizuri. Njiani wanawake waliongea habari za mgonjwa na za mjukuu, ambaye alikuwa ameanza kusimama kwa kushika viti. Bingwa alitazama nje.

Kwenye mlima kabla ya mji kulikuwa na foleni. Gari lilisimama, likaenda, likasimama tena, na lilipotakiwa kuondoka kwenye ule mwinuko, likazimika. Likarudi nyuma kidogo. Waliokuwa nyuma wakapiga honi, mmoja, kisha wote. Mke wa Bingwa akashika kitasa cha mlango. Bingwa alijua la kufanya. Miguu yake yenyewe ilikuwa inasukuma sakafu pale nyuma. Akauma ulimi. Alitazama kapu lililokuwa magotini, akahesabu mistari ya taulo, akiona kwenye kioo macho ya shemeji yakimtazama, yakingoja kama atasema kitu. Hakusema.

Shemeji alivuta breki ya mkono. Akawasha. Akaachia taratibu, gari likapanda. Ya kwanza, ya pili, na walipofika juu, ya tatu.

Walifika hospitali, uwanja ukiwa umejaa magari mpaka barabarani. Shemeji akasimama getini, akageuza kichwa kidogo. Zamani, kwa miaka thelathini, angesema shemeji.

"Fundi," alisema, "shuka ukatuulizie tuegeshe wapi."

Bingwa akampa mkewe kapu, akashuka, akaenda kumwuliza mlinzi.